Mlio na Maana: Amplifaya ya Gitaa Mbele ya Mhakiki

Mwaka 1958 mpiga gitaa wa Kimarekani aitwaye Link Wray alitoa santuri ya muziki mtupu, bila ya mwimbaji na bila ya neno hata moja, ikaitwa "Rumble". Vituo kadhaa vya redio nchini humo vilikataa kuipiga, kwa hoja kwamba ingewachochea vijana kufanya ghasia. Jina lake lilichangia, maana katika lugha ya mitaani ya wakati ule lilitumika kwa ugomvi wa magenge. Lakini jina pekee halitishi kiasi hicho. Kilichotisha ni mlio wenyewe. Gitaa lilisikika kama kwamba linatoka ndani ya kitu kilichopasuka, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa, kwani Wray alikuwa ametoboa kwa penseli karatasi za spika za amplifaya yake ili aupate studio ule mkwaruzo aliokuwa akiupata jukwaani.

Tukio hili dogo linamweka mhakiki wa nyimbo mahali pagumu. Aghalabu marufuku huliangukia neno. Wimbo huzuiwa kwa sababu ya ubeti uliomgusa mkubwa, fumbo lililofumbuka, au tusi lililovishwa kanzu ya adabu. Na watu wa visiwani na wa mwambao wanaijua vizuri nguvu hiyo, kwa kuwa taarabu imewafundisha kwamba mstari mmoja unaweza kumwinua mtu kitini akaenda kutunza mbele ya mbaya wake. Katika "Rumble" hapakuwa na mstari wa kufumbua. Waliouzuia muziki ule waliusikia ukisema jambo, na jambo hilo halikuwamo katika maneno wala, kwa kiasi kikubwa, katika noti, maadamu noti zenyewe ni chache na za kawaida mno. Lilikuwamo katika rangi ya sauti.

Uhakiki wa nyimbo katika Kiswahili umezoea kuanza na maneno na kuishia na maneno. Beti hunukuliwa, vina huhesabiwa, mafumbo hufumbuliwa, na msanii husifiwa au hulaumiwa kwa alichosema. Chombo hutajwa kwa heshima, kama mgeni rasmi anavyotajwa mwanzoni mwa hotuba, kisha husahauliwa. Ajabu ni kwamba mapokeo yenyewe ya ushairi yanajua zaidi ya hapo. Kila aliyekulia penye washairi anafahamu kwamba shairi moja, lenye mizani na vina vilevile, likighaniwa kwa mahadhi mawili tofauti huwa nasaha huku na maombolezo kule. Mpiga udi naye hachukui kipigio chochote kilicho karibu. Kigumu hutoa mlio mkavu, laini hutoa mlio wa mviringo, naye huchagua kwa kadiri ya wimbo ulio mbele yake. Hakuna auitaye uteuzi huo kazi ya mitambo. Lakini mpiga gitaa la umeme akiinama mbele ya amplifaya na kuzungusha vifundo vyake, husemwa kuwa "anaweka sauti sawa", kana kwamba muziki bado haujaanza. Makala haya yanadai kwamba umekwisha kuanza.

Historia ya chombo hiki inaeleza kwa nini kazi hiyo imedharauliwa. Amplifaya za gitaa ni watoto wa redio, na waliozibuni walikuwa mafundi wa redio. Leo Fender, ambaye jina lake limeenea duniani juu ya vichwa vya magitaa, alianza kwa kutengeneza redio mbovu katika duka alilolifungua mwaka 1938 huko Fullerton, California, na hadi anafariki mwaka 1991 hakuwa mpiga gitaa. Alichokitaka ni sauti kubwa na safi, itokayo katika sanduku ambalo fundi yeyote angeweza kulifungua na kulitengeneza. Kwake yeye mkwaruzo ulikuwa hitilafu. Waliougeuza kuwa lugha ni wapigaji, na waliianza kazi hiyo kwa kuharibu mali.

Mwaka 1951, mjini Memphis, amplifaya ya Willie Kizart ilifika studio ikiwa imeharibika safarini. Karatasi zikashindiliwa ndani yake, na "Rocket 88" ikarekodiwa hivyohivyo. Wray akaja na penseli yake miaka saba baadaye. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, kijana wa miaka 17 wa London, alikata kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya ndogo ya Elpico, akaiunganisha na amplifaya kubwa, na mlio uliotoka ndio unaofungua "You Really Got Me". Visa hivi vitatu husimuliwa pamoja kama hadithi moja ya vijana watukutu, na hapo ndipo masimulizi yanapopotoka. Davies na Wray walikusudia. Kizart alipatwa na ajali, na aliyefanya uteuzi katika kisa chake ni Sam Phillips, mwenye studio, aliyeusikia mlio ule ulioharibika akauacha ubaki. Phillips hakukata wala hakutoboa kitu. Alisikiliza, akaamua kwamba hitilafu ile ina jambo la kusema. Kazi hiyo inakaribiana na ya mhakiki kuliko ile ya wembe, na pengine ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mtu mwenye studio hulipwa ili kuondoa hitilafu.

Baada ya hapo mkwaruzo uliingia dukani. Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, aliwasikia vijana wa mji ule wakililia amplifaya za Marekani ambazo bei yake iliwashinda. Mwaka 1962 mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua Bassman ya Fender, amplifaya iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaiiga sakiti yake karibu yote. Walichobadilisha ni vichache. Valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwamo katika redio za zamani, hazikuwa za aina ileile. Na badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi kwa nyuma, Marshall alitumia spika nne za inchi 12 katika sanduku lililofungwa pande zote. Mchoro ni mmoja, mlio ni wa watu wawili wasiojuana. Bassman hung'aa juu na hupumua chini. Marshall hukaza katikati na kusukuma mbele. Mfano wa mahadhi uliotajwa hapo juu unafaa kukumbukwa: shairi halikubadilika, mghani alibadilika.

Mwaka 1966 Eric Clapton, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliingia studio za Decca mjini London kurekodi albamu na bendi ya John Mayall. Alikuwa na gitaa la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall yenye spika mbili za inchi 12. Akataka kupiga kwa sauti ileile aliyozoea kuipiga kumbini. Fundi mitambo, Gus Dudgeon, alikuwa na sababu nzuri za kupinga: studio za wakati ule zilijengwa juu ya utaratibu wa kupiga kwa upole, maikrofoni ikiwa imesogezwa karibu na chombo, ili sauti ya kimoja isivujie maikrofoni ya kingine. Gitaa la Clapton lilivuja kila mahali. Hata hivyo kijana hakushusha, na mtayarishaji Mike Vernon akaruhusu kazi iendelee. Maikrofoni ikawekwa mbali na spika, na kilichorekodiwa ni gitaa pamoja na chumba kilichokuwa kikitetemeka kwa ajili yake.

Mzozo ule mara nyingi huelezwa kama ushupavu wa kijana, na ushupavu ulikuwapo. Lakini Clapton alikuwa na haki kwa sababu ya kifundi ambayo ina uzito wa kisanaa. Valvu ina kikomo. Wimbi la umeme litokalo kwenye nyuzi likiwa dogo, valvu hulikuza kama lilivyo. Likizidi, vilele vyake hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti za juu ambazo hazikuwamo katika uzi wenyewe. Mpigo wa nguvu na mpigo wa upole husogeleana, noti hukawia kufa, na hewa inayosukumwa na spika hurudi ikagusa nyuzi na kuzifanya zilie zaidi. Amplifaya ya Marshall ya wakati huo haikuwa na kifundo cha pili cha kupunguzia ukubwa wa sauti mwishoni mwa njia. Vifundo vya namna hiyo vilienea katika miaka ya 1970. Aliyetaka mlio ule hakuwa na budi kuufungua mlango wote.

Kwa hiyo ukubwa wa sauti haukuwa kipimo tu cha wingi. Ulikuwa hali. Mtu anayepiga ukelele, hata ukelele wake ukirekodiwa na kusikilizwa kwa sauti ya chini kabisa usiku, bado atasikika akipiga ukelele, kwa kuwa koo lililokaza lina rangi yake. Na mnong'ono uliokuzwa na maikrofoni hadi ukajaza uwanja bado ni mnong'ono. Gitaa la umeme lina koo, na koo hilo ni amplifaya. Clapton akiambiwa apunguze, anaambiwa anong'one maneno ya ukelele, halafu fundi atayakuza. Albamu ile, inayosikilizwa hata leo kwa spika ndogo za vyumbani, imebaki na mkazo huo. Uimbaji wa Mayall, ambao ndio wenye maneno, umechakaa kwa miaka. Mlio wa gitaa haujachakaa. Hukumu hii itawaudhi wapenzi wa Mayall, lakini rekodi yenyewe inaishuhudia.

Miezi michache baadaye gitaa lile liliibwa, na hakuna karatasi iliyobaki kuonyesha vifundo vilisimama wapi. Pengo hilo limezaa fasihi nzima. Majarida ya wapiga gitaa, na sasa kurasa za intaneti zisizo na idadi, huchapisha majedwali ya namba za mabingwa: besi 6, kati 4, trebo 7, na kijana aliye mbali huzungusha vifundo vyake hadi namba hizo kisha akashangaa kwa nini hasikii anachokitafuta. Majedwali haya ni sawa na kumfundisha mtu kughani kwa kumwandikia kwamba malenga fulani alifungua kinywa kwa upana wa vidole viwili. Huenda ni kweli, na haisaidii kitu.

Sababu iko ndani ya sakiti yenyewe, na inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa watu wengi wanaomiliki chombo hiki hawaijui. Vifundo vitatu vya besi, kati na trebo katika amplifaya za ukoo wa Fender na Marshall haviongezi kitu. Kazi yake ni kupunguza. Namba 10 maana yake ni "usiondoe", na namba zilizo chini yake ni viwango vya kuondoa. Ukivifunga vyote vitatu hadi 0, katika nyingi ya amplifaya hizi sauti hutoweka au hubaki kivuli chake. Tena vifundo hivi havikai kila kimoja nyumbani kwake. Vimeunganishwa kwa kapasita na rezista zilezile, hivyo kukigusa kimoja ni kubadili kazi ya kingine: trebo ikifunguliwa sana, kifundo cha kati hupoteza sehemu ya nguvu zake. Na mtu anayeviweka vyote katika 5, akidhani amesimama katikati pasipo upendeleo, amejidanganya. Katika Fender mpangilio huo huacha bonde kubwa mahali ambapo sauti ya kati ingekuwapo. Katika Marshall bonde hilo ni fupi zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti ya tabia ya amplifaya hizo mbili imo humo. Anayetaka Fender isiyopendelea upande inambidi afungue kati yote na kuzifunga besi na trebo karibu zote, umbo ambalo kwa macho linaonekana kama kosa.

Namba, basi, ni jina la mahali katika ramani ya amplifaya moja, na gitaa jingine likichomekwa ramani huhama. Lakini hata kama vyombo vingekuwa pacha, bado kuna sikio, na sikio si mwaminifu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwa vipimo kwamba sauti ikiwa ndogo sikio la binadamu huzisikia kwa udhaifu sauti nzito na, kwa kiasi, zile kali sana, ilhali za katikati huzisikia vizuri. Sauti ikikua, tofauti hiyo hupungua. Matokeo yake anayajua kila mpigaji aliyewahi kuaibika, ijapokuwa hajui jina la Fletcher. Anaketi chumbani, sauti imeshushwa kwa ajili ya majirani, anaongeza besi ili mlio ujae na trebo ili ung'ae, anapunguza kati kwa kuwa inamkera. Anafurahi. Jioni anaupeleka mpangilio uleule ukumbini, anakuza sauti, na besi inageuka ngurumo, trebo inakuwa sindano, na kati aliyoifukuza, ambayo ndiyo iliyokuwa imebeba wimbo, haipo. Bendi inapoanza gitaa lake halisikiki hata kidogo. Naye hujibu kwa kuongeza ukubwa wa sauti, jambo ambalo huwaumiza wote bila ya kumsaidia.

Kuna pia suala la mahali anaposimama. Sauti kali husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka katikati ya spika, kama mwanga wa tochi, na sauti nzito hutawanyika. Amplifaya ikikaa sakafuni, tochi hiyo humulika magoti ya mpigaji, na masikio yake yaliyo juu hupata giza. Hudhani kwamba trebo imepungua, huongeza, na mtu aliyeketi safu ya mbele ndiye anayelipa. Amplifaya ikisukumwa kwenye pembe ya ukuta huvimba besi. Ikiinuliwa juu ya kiti huikonda. Fundi mzoefu huanza kwa kuweka ukubwa wa sauti unaohitajika mahali pale, kisha huenda kusimama wanakosimama wasikilizaji huku mwingine akipiga, huitafuta kati kwanza, huongeza trebo hadi maneno ya gitaa yatamkike, na besi huiacha mwisho na huipa kidogo. Vilevile huvifungua vifundo vya gitaa lenyewe kabla ya yote, ili mpigaji abaki na nafasi ya kurudi nyuma; katika amplifaya iliyofika ukingoni mwa kikomo chake, kupunguza kidogo kifundo cha gitaa husafisha mlio, na kukirudisha huurudisha mkwaruzo. Clapton na wenzake walizungumza kwa kifundo hicho zaidi kuliko kwa vile vya amplifaya.

Tangu Line 6 ilipotoa kisanduku chake cha POD mwaka 1998, programu zinazoiga amplifaya zimezidi kuwa hodari, na leo simu ya mkononi inaweza kutoa mlio ambao wengi hawataweza kuutofautisha na wa valvu katika rekodi. Kuzilaani ni kazi bure. Zimempa mwanagenzi asiye na fedha wala ukumbi kitu ambacho Clapton alikipata kwa kugombana na studio. Ila zina tabia ya picha: zinamwonyesha mtu fulani, mahali fulani, kwa mwanga wa saa fulani, na anayeingia katika picha hiyo huiacha nyuma kazi ya kuamua. Mtu anayechagua "Marshall ya 1966" katika orodha amekwisha kupewa jibu. Swali la mlio upi unafaa wimbo wake halijaulizwa.

Na kwamba swali hilo lina majibu zaidi ya moja kunaonekana vizuri zaidi Kinshasa na Dar es Salaam kuliko London. Miaka ileile ambayo Waingereza walikuwa wakikata spika kwa wembe, wapigaji wa Kongo na wa Afrika Mashariki walikuwa na amplifaya za umeme mikononi na wakaelekea upande wa pili. Nico Kasanda wa African Fiesta, Franco wa OK Jazz, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz walitaka gitaa linalong'aa, lenye trebo nyingi, wakati mwingine na mwangwi, lakini safi. Mlio huo husikika leo katika masikio ya vijana waliolelewa kwa roki kuwa mwembamba, na maelezo yanayotolewa haraka ni umaskini: vyombo duni, studio duni, mafundi wachache.

Maelezo hayo hayasimami. Upungufu wa vyombo na wa studio ulikuwapo na hauna haja ya kufichwa. Rekodi nyingi za enzi hizo zilifanywa na bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Lakini amplifaya ndogo na ya bei rahisi ikikuzwa ili ijaze ukumbi wa dansi hukwaruza yenyewe, bila ya kuombwa. Umaskini ndio unaoleta mkwaruzo. Usafi katika ukumbi uliojaa watu wanaocheza hutaka ama wati nyingi kuliko zinazohitajika, ama mpigaji mwenye nidhamu ya kutouvuka mstari. Wapigaji wale waliujua mstari ulipo wakabaki upande huu wa mstari, usiku baada ya usiku, na watu hawafanyi hivyo kwa bahati mbaya.

Sababu yao imo katika muziki wenyewe. Noti mbili zikiingia kwa pamoja katika amplifaya iliyovuka kikomo huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, zitokanazo na jumla na tofauti ya mitetemo yao. Kwa do na so mazao hayo hukaa vizuri na zile noti mbili, na ndiyo maana wapiga roki hupenda kupiga hizo tu na kuiacha mi. Kwa do na mi, au mi na do ya juu, mazao hayakai sawa, na mlio huwa tope. Sasa, gitaa la rumba na la dansi linaishi hasa katika jozi hizo: mi juu ya do, la juu ya fa, nyuzi mbili zikitembea sambamba kama watu wanaoongozana njiani. Mkwaruzo ungezizamisha. Isitoshe, gitaa halikuwa moja. Kulikuwa na la solo, la pili lililo kati, la rithimu, na besi chini yake. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na wa gitaa la besi mara 41 hivi, kwa hiyo gitaa la rithimu lenye besi nyingi hukanyaga miguu ya mwenzake. Kila mmoja ilimpasa apunguze kitu: rithimu ikatupa chini yake, solo ikapanda juu, la pili likapata dirisha lililobaki. Gitaa moja katika hayo likisikilizwa peke yake huonekana lina upungufu. Upungufu huo ndio nafasi ya jirani.

Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978 na kurekodiwa sana na Radio Tanzania, ni mfano ulio wazi. Mengi yameandikwa kuhusu mashairi ya bendi hiyo, na yanastahili: ndoa zilizovunjika, deni, mauti, mume asiyerudi nyumbani. Lakini mashairi hayo yanapokuwa mazito, magitaa hayawi mazito pamoja nayo. Hubaki mepesi, makavu kidogo, yakipishana bila ya kugongana, na sehemu ya mwisho ya wimbo ifikapo huongeza mwendo pasipo kuongeza uzito. Msikilizaji hupewa msiba na maneno, na hupewa na magitaa sababu ya kusimama acheze. Mwimbaji mmoja yuleyule akiwekewa nyuma mlio wa Clapton wa 1966 angesikika akijililia. Akiwa na mlio ule wa trebo na besi iliyopunguzwa, husikika kama mtu anayesimulia msiba wake barazani, mbele ya majirani, huku akijitahidi sauti isimkatike.

Hali hiyo haikuandikwa na mtunzi wa maneno. Iliwekwa na watu wanne au watano walioinama mbele ya masanduku yao kabla ya mlango wa ukumbi kufunguliwa, mmoja akipiga, mwingine akisikiliza kutoka mwisho wa chumba, wakiambiana kwa ishara za mkono: punguza chini, ongeza juu kidogo, hapo hapo.